Chupa ya Mwikali Isiyo na Tundu

Nimeaibika leo, tena mbele ya wakwe. Wazee wa grupu, nawaandikia kutoka chumbani, nimesema nabadilisha suruali. Msinipigie simu. (Watasikia.)

Mnanijua. Darasa la tatu niliacha, nikaingia Shauri Moyo kugonga mabati. Masanduku ya bweni, makarai, yote ni mikono hii. Sijawahi kufundishwa kazi mara mbili.

Sasa binti yangu Mwikali hupanda mimea ndani ya chupa, kubwa kama ile ya peremende dukani. Chini kokoto, juu yake makaa, halafu mchanga, halafu udongo. Kwa nje mistari inaonekana kama keki. Hii moja ameilea miezi mitatu, zawadi ya kumpa mama wa mchumba wake, Mama Kioko, aliyekuwa anakuja leo kutuona mara ya kwanza. Wiki nzima Mwikali hajalala. Huyo mama, tuliambiwa, hukagua mpaka chini ya kapeti.

Asubuhi akaniambia, "Baba, naenda sokoni Gikomba mara moja. Hiyo chupa usiiguse. Usiimwagilie. Inajinywesha."

Inajinywesha! Hata ng'ombe hupelekwa mtoni.

Saa nne nikaichungulia. Matone yamejaa kwenye kioo, kwa ndani. Mmea unatoa jasho! Utakufa na wakwe wako njiani! Nikaupa kikombe cha maji. Nikaongeza cha pili. (Mimi si mchoyo.)

Maji yakashuka mpaka kwa kokoto, yakasimama. Nikapapasa chini. Hakuna tundu! Mkebe ninaopandia sukuma wiki una matundu saba! Maji yakawa meusi, yakapanda, mmea ukaanza kuelea. Nikainamisha chupa nimwage, keki yote ikaanza kuteremka. Nikairudisha haraka.

Ufundi ndio ulioniponza. Nikachukua msumari na nyundo ndogo, nikagonga pole pole, kama anayebisha mlango wa askofu.

Ti!

Tundu hakuna. Ufa upo. Tone, tone, tone. Nikapaka sabuni ya kipande, vile tunavyoziba tangi la petroli. Ikashika! (Hapo nilijisifu. Nakiri.) Nikafunika chupa kwa kitambaa, nikaiweka mezani. Mwikali akarudi, na kabla hajavua viatu, hodi!

Mama Kioko akaingia na gauni jeupe pe. Akakaa wapi? Hapo hapo mezani.

"Mama, karibu chai," Mwikali akasema.

"Kwanza tuombe."

Nikavua kofia yangu ya ngozi. Akaomba kutoka Kitui mpaka Yerusalemu. Nikafungua jicho moja. Maji meusi yenye povu yalikuwa yanatambaa mezani, yakielekea gauni jeupe!

Nani hukatiza maombi ya mkwe? Nikapiga magoti, nikatambaa, nikakinga kofia ukingoni mwa meza.

"...na umbariki mzee wa nyumba hii..."

"AMINA!" nikasema, ili amalize.

Akadhani nimeguswa. Akaanza upya.

Alipofungua macho, nilikuwa magotini miguuni pake, kofia mikononi.

"Baba Mwikali," akasema, machozi yakimlenga, "sijaona mzee mnyenyekevu hivi."

Ndipo kitako cha chupa kikaachia. Pwaa! Kokoto, makaa, udongo, vyote kwenye gauni.



"Baba," Mwikali akasema. "Uliimwagilia?"

"Kidogo."

Midomo yake ikaanza kucheza. Wazee, nimeangukiwa na bati mguuni bila kulia, lakini hapo nilikaribia. Miezi mitatu ya mtoto wangu, na pengine ndoa yake, iko kwenye kapeti.

Mama Kioko akaokota kipande cha kioo. Akakinusa.

"Hii ni sabuni?"

"Ni sabuni, mama."

Akanitazama sana. "Marehemu mume wangu aliziba sufuria yangu ya harusi kwa sabuni. Wageni walikula wali wenye povu." Akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha akamshika Mwikali mkono. "Wewe umekuwa wetu, mwanangu. Hiyo zawadi utaitengenezea kwangu, mbali na huyu."

Mmea mmoja umepona. Mwikali ameupanda ndani ya kofia yangu, na bado haniongeleshi. Kofia haina tundu. Nami, wazee, sitauliza.