Samaki Aliyevaa Sari

Jumatatu, 3 Februari
Maktaba ya shule. Nilikwenda kujisomea kuhusu harusi za Wabengali, ili Jumapili nisimwaibishe dada Hamsini mbele ya wakwe zake. Ukurasa wa pili tu, nikaangusha kitabu. Kwao, upande wa bwana harusi humpelekea bi harusi samaki. Mzima! Mkubwa! Amevishwa sari, ametiwa na kipini puani!

Na wanamleta hapa Kumbakonam, kwetu Watamil. Nyumbani kwa bibi, ambaye hanywi hata maji katika nyumba iliyowahi kuchemsha yai. Uchumba wa kwanza wa shangazi aliuvunja kwa ajili ya kitunguu saumu. Samaki je?

Sijamwambia dada. Anaimba akianika nguo. Nitalimaliza mwenyewe, kimya kimya.

Jumanne, 4 Februari
Nimempigia simu shemeji Shubhankar nimwombe asilete samaki. Sentensi niliifanyia mazoezi tangu asubuhi. Akapokea. Nikamwuliza kama Kolkata kuna mawingu. Akasema yapo kiasi. Nikamshukuru, nikakata.

Jumatano, 5 Februari
Mpango mpya. Nitachonga samaki wa mumunye, nimvishe sari, nimbadilishe na yule wa kweli kabla bibi hajaona. Mumunye halimkeri mtu.

Nimechonga nyuma ya zizi la ng'ombe. Magamba yametoka vizuri. Binamu yangu Mukundan akanifumania. Ana miaka sawa na yangu lakini anaongea na watu bila kutoka jasho, jambo ambalo sitamsamehe. Akamgeuza samaki wangu huku na huku.

“Profesa,” akasema, “mbona umemchonga mjomba?”

Ni kweli pua imezidi.

Ijumaa, 7 Februari (mchana)
Wamefika! Masinia yakawekwa barazani, yamefunikwa. Wageni wakaingizwa ndani kunywa kahawa. Nikafunua la tatu. Alikuwemo. Sari nyekundu, kipini, macho meusi. Nikamwomba radhi, nikambeba.

Sijawahi kumgusa samaki maishani mwangu. Kumbe ni mwepesi kubomoka, na ananukia iliki. Vitabu havisemi hayo.

Nikamweka mumunye mahali pake. Wa kweli nikamtia kwenye ndoo, nikamning'iniza ndani ya kisima cha uani, juu ya maji, asiharibike kwa joto. Usiku ningemzika. Fundo nililifunga kama lilivyochorwa kwenye kitabu cha mabaharia.

Fundo limefunguka. Nimesikia *chubwi*.

Mungu wangu. Kisima cha bibi!

Ijumaa (jioni)
Siwezi kula. Mama wa bwana harusi, Bi Madhuchhanda, alifunua sinia mbele ya watu wote, akamkata samaki mkia, akamlisha bibi kwa mkono wake. Mumunye bichi. Bibi akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akamwomba dada Hamsini amtafsirie mgeni kwamba halua za Bengali zina uimara wa kupendeza.

Halua?

Dada akanieleza kwa furaha. Bibi na Bi Madhuchhanda walishapatana mwezi uliopita: samaki lazima aje, maana ndiyo mila yao, lakini awe wa halua ya maziwa, maana ndiyo mila yetu. Walipatana kwa simu, kila mmoja kwa lugha yake, dada akiwa katikati.

Bi Madhuchhanda naye alionja. Rangi ikamtoka. Anadhani mpika halua wake amemtapeli, na kwamba amemwaibisha mwanawe ugenini. Nilimwona akifuta macho kwa upindo wa sari. Kesho nitasema. Au keshokutwa.

Jumamosi, 8 Februari
Alfajiri nilitangaza kwamba kisimani kuna nyoka. Bibi akajibu kwamba nimsalimie, akaenda kuteka maji ya kahawa yake kama kawaida; ndoo haionekani, akaiopoa kisimani kwa kulabu. Ikapanda. Sari nyekundu inaning'inia. Ndani, maji meupe, na kichwa cha halua chenye kipini.

Bibi akachovya kidole, akaonja. Akanitazama mimi, si Mukundan. Watu wa nyumba hii hawatendi haki.

“Maziwa umetia, sukari umetia,” akasema. “Umesahau kahawa tu, mwanangu.”

Akanishika sikio mpaka kwa Bi Madhuchhanda, nikaeleza yote kwa sauti ndogo ambayo dada alilazimika kuitafsiri hata kwa Kitamil chetu. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamkumbatia bibi, na bibi, ambaye hakumbatiwi, akavumilia. Harusi ipo. Bibi amesema siku nyingine niulize kwanza. Mdomo hauumi, amesema. Nimeapa.

Adhabu: kukuna nazi za karamu yote. Mukundan amekuja kuhesabu.

Jumapili, 9 Februari (asubuhi)
Nimerudia kile kitabu cha harusi, nilichokiazima maktaba. Ukurasa wa tatu! Kwao, mama wa bwana harusi haruhusiwi kuiona ndoa ya mwanawe ikifungwa. Ni nuksi! Na Bi Madhuchhanda ameshakaa kiti cha mbele, anatabasamu, hajui hatari iliyopo. Zimebaki dakika chache.

Ningeweza kumwuliza. Lakini kuna watu wengi, nitatokwa jasho.

Ghala la nazi lina kufuli imara. Nitamwambia bibi anamwita huko. Ufunguo ninao mfukoni.