Bureau ya Michezo ya Kukaa

Inatangazwa kwa raia wote wa Kimemi, wakubwa kwa wadogo, wenye kusikia na wenye kujifanya viziwi: kuanzia leo furaha imepangwa. Monsieur Zorobabel, Chef wa Bureau ya Michezo ya Kukaa, amekwisha kutia sahihi. Michezo ya kusimama, kama mpira, ina bureau yake, na sisi hatuingilii mambo ya watu.

Lakini tuseme ukweli. Monsieur Zorobabel alikuwa chef wa muda tu, na muda huo ulikuwa umeota mvi. Madame Mwanvua, inspekta kutoka Beni, ndiye angekuja kumthibitisha, au kumrudisha kwao Luofu akalime viazi. Alihitaji kazi ya kuonyesha, na kazi ikajileta yenyewe.

Nyuma ya duka la baba yake Hadjara kuna meza. Siku ya yenga, yaani Jumapili, misa ikiisha, vijana wanne huizunguka. Kasika anasimulia: muko njiani, kuna mto, kuna daraja, kuna mnyama analilinda. Wengine watatu kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Anasema mtu wake anafanya nini, dadu inarushwa, hadithi inasonga. Mchezo ni huo tu. Shida ni kwamba kila mmoja anaucheza kwa damu yake. Muyisa, fundi wa pikipiki, akisikia mnyama, anapiga. Hadjara akisikia mnyama, anauliza bei. Joyeuse hapigi wala hanunui. Yeye anataka kujua mnyama alizaliwa wapi na kama mama yake angali hai.

Yenga moja Muyisa akamkata mnyama shingo wakati Hadjara amekwisha kumteremsha hadi nusu ya bei. Kelele zilifika barabarani.

"Unaua client yangu, Muyisa. Tulikuwa tunapatana."

"Client gani iko na meno vile?"

"Na mimi nilikuwa nimeanza tu kujua jina yake," Joyeuse akasema, huku analia kabisa.

Monsieur Zorobabel alikuwa anapita. Akasimama, akasikiliza, akaona mwanga. Akaingia na kofia mkononi kama mtu aliyefika kwenye msiba.

"Batoto, hii ni désordre," akasema. "Mutu moja anapiga, mwingine ananunua, mwingine analia. Inchi itaenda wapi? Tangu leo mutacheza namna moja. Mbele ya kupiga, kununua ao kulia, kila mutu ataomba ruhusa kwa chef de bureau."

"Mu hadithi hakuna chef de bureau, papa," Kasika akasema.

"Sasa iko. Ni mimi. Niweke pale mbele ya daraja. Mukikataa, meza nitabeba."

Basi, mwenye nguvu mpishe. Wakaanza kucheza wote namna moja.

Madame Mwanvua akafika kutoka Beni na vumbi la njia kwenye mtandio wake. Monsieur Zorobabel akampeleka moja kwa moja nyuma ya duka na kumpa kiti kizuri. Madame alitazama dadu, akauliza kama na yeye anaweza kucheza.

"Mimi niko koko, muzee kabisa," akasema. "Niko na mujukuu ku mugongo, homa inamushika. Namupeleka ku hôpital, ngambo ya mto."

"Umefika ku daraja, mama. Mti mukubwa umeifunga, na mnyama mupya anailinda," Kasika akasema. "Mutoto anawaka moto."

Monsieur Zorobabel akakohoa. "Ruhusa?"

"Ruhusa gani?"

"Ya kuvuka, Madame. Inaomba attestation, karatasi ya kushuhudia homa, na sahihi ya munganga."

"Munganga iko wapi?"

"Ngambo."

Madame akacheka sana. "Nitamufikia namna gani?"

"Kwa kuvuka, Madame. Ukiisha kupata ruhusa."

Madame akawageukia wale vijana. Walikuwa wamekaa, mikono juu ya magoti, midomo imefungwa.

"Na bale banafanya nini?"

"Banangoja, Madame. Bote namna moja. Angalia ile umoja." Monsieur Zorobabel alikuwa na furaha. Tangu aajiriwe hajapata kuona kitu kizuri hivyo.

Kasika akarusha dadu. "Homa imepanda." Akarusha tena, akakawia kusema. "Mutoto hapana kulia tena, mama. Kichwa inaanguka ku bega yako."

Hapo kicheko cha Madame kikaisha. Alijua ni mchezo, wote walijua, lakini mtoto alikuwa mgongoni mwake, na macho yakamjaa.

Joyeuse ndiye wa kwanza aliyeshindwa kungoja. "Ee mnyama," akasema polepole, "na wewe ulikuwa na batoto?"

"Batatu," Kasika akajibu kwa sauti ya mnyama. "Maji ilibabeba."

Ndani ya hadithi, Joyeuse akakaa karibu na yule mnyama. Mnyama akainamisha kichwa. Hadjara akaona nafasi yake: kila siku ya soko mnyama ataletewa chumvi, mufuko moja. Mnyama akaomba miwili. Wakapatana moja na nusu. Muyisa, aliyekosa wa kumpiga, akakamata ule mti mkubwa uliofunga daraja, akauinua kwa mikono yake, na dadu ikamkubalia.

"Bila ruhusa," Monsieur Zorobabel akasema. "Hii yote inafanyika bila ruhusa."

"Umevuka, mama," Kasika akasema.

"Na mutoto?"

"Ameomba maji."

Madame Mwanvua akajifuta uso na pembe ya mtandio. Hakuona haya.

Ndipo Monsieur Zorobabel akatambua kwamba wote wako ngambo, na yeye amebaki huku, peke yake na mnyama.

"Na mimi navuka namna gani?"

"Omba ruhusa," Kasika akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa chef de bureau."

"Chef de bureau ni mimi."

"Ilikuwa wewe," Madame Mwanvua akasema, akichukua mkoba wake. "Bureau nimefunga. Ya mu mchezo, na ile ingine."

Hakuna aliyecheka. Joyeuse akamhurumia. "Hapana kuogopa, papa. Mnyama haiko mubaya. Umwambie neno moja tu ya muzuri."

Monsieur Zorobabel akafikiri. Akaweka kola sawa, akamgeukia mnyama, akamuuliza kama ana attestation.

Kasika akachukua dadu.