Gari la Mkwe Wangu Halina Kosa

Jumanne, 5 Agosti

Mungu amenikumbuka! Mkwe wangu mtarajiwa, Osundwa, amefika kutoka Nairobi na gari jekundu la mbio. Viti viwili tu. Limelala chini kama sahani. Jumamosi mimi, Lazarus Andati, fundi wa redio hapa Shieywe kwa miaka thelathini na mmoja, nitaliendesha nikimpeleka binti yangu Sylvia kanisani kufunga ndoa. Mimi na yeye peke yetu! Jirani yangu Protus, aliyelipangusa gari lake jeupe la saluni wiki nzima akitumaini kumbeba bibi harusi, atatufuata nyuma na mashangazi.

Tatizo dogo: gari lina wazimu. Osundwa alipompeleka Sylvia sokoni, honi ilijipiga, waipa zikacheza bila mvua, injini ikazimika. Alitaka kulipeleka kwa Beverlyne, mwanamke mwenye gereji kule Shirere. Nikamwambia kwamba umeme ni umeme, uwe wa redio au wa gari. Akainamisha macho, akasema, "Sawa, Baba." Mkwe mwenye adabu habishani na baba mkwe. Raha iliyoje!

Nimesugua vichwa vya betri kwa msasa. Nimeliendesha peke yangu hadi stendi na kurudi. Safi! Limepona.

Jumatano, 6 Agosti

Halijapona. Osundwa na Sylvia walikwenda kuangalia keki. Likazimika katikati ya barabara, honi ikalia mpaka askari akaja.

Nimegundua sababu. Mvua! Hapa hunyesha karibu kila alasiri, na gari la Nairobi halijazoea. Nimefunga kila waya kwa nailoni, kisha nikalijaribu peke yangu mvua ikinyesha. Likapita madimbwini kama swala.

Osundwa alikohoa, akapendekeza kwa sauti ndogo kwamba labda tupande sote wawili nijionee. Sote wawili! Mkwe na baba mkwe, paja kwa paja, ndani ya kijisanduku kile! Watu wangesema nini? Mke wangu, Mama Sylvia, ndiye hata hawezi kutajwa: yeye na mkwewe hata kushikana mikono ni mwiko. Osundwa akaomba radhi. Nimemsamehe.

Alhamisi, 7 Agosti

Sylvia anasema gari huzimika yeye akiwa ndani tu. Niliruka! Dalili niliyoitafuta! Ana simu mbili, bangili saba na saa ya kuhesabu hatua. Nilivichukua vyote, nikavipanga juu ya kiti cha abiria, nikaondoka. Injini iliimba. Basi si simu, wala si bangili. Ni yeye mwenyewe. Ana umeme mwingi mwilini.

Nimemwagiza Jumamosi avae kandambili za mpira chini ya gauni. Akaniuliza kama nilimzaa au nilimuunda kwa vipuri vya redio. Mama Sylvia akasema, "Baba Sylvia, mpigie Beverlyne simu kabla hujatuaibisha." Mitume pia walidharauliwa nyumbani kwao.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimebadilisha fyuzi tisa. Moja ilikuwa nzima, lakini sikupenda rangi yake. Protus akachungulia juu ya ua, akauliza, "Fundi, hilo gari lako linashika stesheni gani?" Nililiendesha mbele ya lango lake mara saba, peke yangu, kioo kikiwa chini. Halikukohoa hata mara moja. Kisha nikamkumbusha awafutie mashangazi viti.

Mchungaji ametuonya: ibada ni saa nne kamili. Saa sita ana harusi nyingine. Tukichelewa, ndoa itasogezwa hadi wiki ijayo. Nimemjibu kwamba tutafika kabla yake.

Jumamosi, 9 Agosti



Saa tatu na nusu Sylvia aliketi. Honi! Waipa! Kimya. Akashuka ili asikunje gauni. Nikawasha, injini ikanguruma. Akaketi, ikazimika. Akashuka, ikawaka. Mara tatu! Na hakuvaa kandambili.

Nikamwomba asimame kando kidogo nilipashe moto injini barabarani. Lo! Ilinguruma vizuri ajabu. Niliogopa kusimama lisije likazimika. Nikakanyaga mafuta. Nikapita maduka, nikapita kituo cha bodaboda, watu wakinipungia mikono. Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni pa kanisa. Kwaya ikaanza kuimba. Akina mama wakapiga vigelegele na kutandika leso chini. Mlango wa gari ukafunguliwa.

Nikashuka mimi.

Kwaya ilimaliza ubeti, haikuanza mwingine. Mchungaji akatazama saa yake. Osundwa akatazama chini, akasema, "Karibu, Baba."

Sylvia alifika saa nne na robo ndani ya saluni ya Protus, amepakatwa na mashangazi, pindo la gauni limeloa tope. Mchungaji alikuwa ameshafunga kitabu chake. Akakifungua tena, shingo upande. Sylvia alinishika mkono bila kunitazama. Tulipofika katikati ya kanisa akaninong'oneza, "Baba, umesafiri salama?"

Wameoana. Nashukuru. Lakini niseme ukweli: gari lilifika kwa wakati.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Sylvia amemwita Beverlyne kwa siri. Hata kifuniko cha injini hakukifungua! Aliuliza nani huwa ndani likizimika. Kisha akaketi kwenye kiti cha abiria, akaniambia niendeshe. Likazimika langoni. Akacheka hadi akafuta machozi. Chini ya kiti chake kulikuwa na waya uliochubuka. Mtu akiketi, kiti huubana kwenye chuma. Akaufunga utepe, akausogeza. Dakika kumi na mbili.

Akasema, "Mzee, kosa hutafutwa katika hali ile ile linapotokea." Maneno mazuri. Nilikuwa karibu kuyasema mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nafasi ya kusafisha jina! Mchungaji analalamika kwamba kipaza sauti cha kanisa hukatika kila waumini wanapojaa na feni zote zikawashwa. Hakuniomba msaada, nimejitolea.

Nimekwenda kukijaribu asubuhi hii. Kanisa tupu, feni zimezimwa, utulivu mtupu. Nikahubiri nusu saa. Sauti ilitetemesha madirisha!

Nimempigia Mchungaji simu kumwambia kwamba hakina kosa lolote.