Upepo Niliofuta

Jumatatu, 4 Agosti
"Filamu isiyosikika ni nusu filamu." Hivyo ameniandikia Erica, mkuu wa wachujaji wa tamasha la filamu. Uongo mtupu! Filamu yangu ni mama akipepeta uwele kijijini kwetu Kibakwe, Julai mwaka jana. Bila upepo utapepeta nini? Nimemjibu kurasa tatu. Kanijibu mstari mmoja: upepo umefunika maneno ya mama, nirekebishe kabla ya Ijumaa. Mama tulimzika Januari. Mdogo wangu Penina hakuwahi mazishi. Anakuja kumsikia kwenye filamu.

Jumanne, 5 Agosti
Uwesu, anayerekodi kwaya hapa Miyuji, kajitolea kuisafisha bure. Kwanza tutoe nakala, akasema, ya asili isiguswe. Nikakataa. Mwaka jana aliiita kazi yangu video ya simu. Ni ya simu, sawa. Lakini kuna namna ya kusema!

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata programu ya kuondoa upepo. Simu ikadai imejaa, haina pa kuhifadhi iliyosafishwa. Nikafuta ya asili. Upepo umetoka wote! Kimya safi kabisa.
Mama naye katoka. Anafumbua mdomo, anafumba.

Alhamisi, 7 Agosti
Stara, muuza maandazi jirani, akiwa na mafua ana sauti ya bibi kizee. Leo anayo mafua! Nikamwandikia: "Wanangu, itunzeni ardhi, ikataeni dhuluma." Akauliza kama marehemu alikuwa mbunge. Nikamwambia asome tu, nikamrekodi juu ya mdomo wa mama.

Ijumaa, 8 Agosti
Erica kaipokea. Sauti safi, anasema. Ushindi!
Jioni kaingia Penina. Shikamoo, kaka. Kaitazama yote bila kutikisika, kisha akasema huyo si mama. Nikamweleza habari za viwango, na sauti ya mkulima, na historia. Akangoja nimalize. Akaomba ile yenye upepo. Kapepeta na mama miaka ishirini, angemsikia humo humo.
"Labda alikuwa anafukuza kuku tu, kaka. Hao kuku wangenitosha."
Nikasema nimeifuta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaomba maji, hakuyanywa.

Jumapili, 10 Agosti
Nimepata dawa! Penina ana mdomo wa mama. Nimemwambia twende Kibakwe, apepete, nirekodi upya. Kapanda basi peke yake.
Atakubali. Uwesu kaleta maiki yake niazime. Nimemrudisha nayo mlangoni. Kusafisha simu tu kulibaki, imejaa tena. Nimefuta video za mazishi, zote. Sasa nafasi ipo tele.
Penina alikuwa bado hajaziona.
Haya yote nani kayaleta? Nyie wachujaji wa tamasha, na wewe Erica wa kwanza: kifuteni kigezo chenu cha sauti leo hii, na mnirudishie upepo wa mama yangu!