Volti Thelathini za Bibi Angetile

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Jambo ambalo sijamwambia mtu: naogopa umeme. Hata wa betri za tochi. Mwanafunzi wa fizikia, kidato cha tatu, anayeshika waya kwa plaizi iliyovishwa soksi!

Lakini sina njia. Redio ya Bibi Angetile, ile aliyoivusha mjomba kutoka Karonga, Malawi, imekwama. Haina kisahani cha kuzungusha. Inahama stesheni kwa volti kupanda na kushuka, na kifaa cha kuongeza volti kimeungua. Sasa inashika Malawi tu. Bibi anasikiliza matangazo ya vifo vya Wamalawi na kuwalilia, wakati rafiki yake Bibi Neli yuko hoi hospitalini.

"Nikikosa msiba wa Neli," amesema, "nani atakuja kwenye wangu?"

Mchana hakula.

Jumatano, 8 Septemba

Nimesoma kitabu cha maktaba. Transista, dayodi, koili. Zinaingia volti sita, zinatoka thelathini, mkondo kiduchu usioua hata sisimizi. Ndivyo kinavyosema. Nimelala nikiwaza sisimizi.

Hezroni wa dawati la mbele kasema nisisahau dayodi ya zena, ya kutuliza volti. Ndiye aliyenipita mtihani uliopita. Sitaki zena yake.

Ijumaa, 10 Septemba

Imekubali! Niliwasha nikiwa nimevaa ndala, juu ya godoro. Stesheni ya Dar es Salaam ikasikika Mbugani kwetu kote. Bibi akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, akanipa paja la kuku. Betri ni zile kuukuu. Nilizianika juu ya bati, kama kila mtu.

Jumamosi, 11 Septemba

Balaa. Mchana mtangazaji kasema Bwana Anyitike wa Talatala anawatangazia ndugu zake wote kwamba mama yake mzazi, Bibi Neli... Hapo betri zikachoka. Volti zikashuka, stesheni ikateleza hadi Malawi. Sauti nzito. Wimbo wa kanisa. Maliro, maliro. Bibi anajua Kichewa cha kutosha: mazishi.

Tanzania ilianza habari, Malawi ikaimalizia. Niliona kabisa. Nikafungua mdomo. Bibi akapiga yowe, majirani wakaitikia. Nikaufunga.

Wanawake wakajifunga vitenge, mchele kichwani. Mimi mkungu wa ndizi. Kilio kilianzia njia panda ya Talatala, kama inavyotakiwa. Bibi Neli alikuwa uani akimenya karanga. Katoka hospitali juzi. Ndilo lilikuwa tangazo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Angetile, umelia vizuri," akasema. "Ila yule wa nyuma analegea."

Wa nyuma nilikuwa mimi.

Mchele ukapikwa hapo hapo.

Jumapili, 12 Septemba

Bibi ametulia, amekula sahani mbili. Neli kaapa kuja kwenye msiba wake, tena mapema. Bibi anaitazama redio, kisha ananitazama mimi.

Baada ya ibada Hezroni kaniletea zena, imefungwa kwenye karatasi ya peremende. Kasema na betri mpya zingesaidia. Bure, eti. Hila tupu! Anataka sifa.

Nimeitia zena kwenye kopo la vifungo. Nimezianika betri upya, safari hii pande zote. Nimeongeza mizunguko hamsini kwenye koili, volti zisishuke tena. Kisha nikavaa ndala, nikapanda godoroni na plaizi yangu yenye soksi, nikawasha.