Hukumu Kwanza, Jina Baadaye

"Hivi jirani, wewe unayezilinda ndege, mbona kila ukisafiri nakuona stendi ya basi?"

Swali hilo Mkurugenzi aliulizwa asubuhi moja na fundi cherehani wa mtaani kwao. Fundi alikuwa na uzi mdomoni na suruali ya Mkurugenzi mapajani, mguu mmoja umekwisha kukunjwa pindo, mwingine bado. Mkurugenzi alikohoa kikubwa, akajibu kwamba mlinzi wa duka hali biskuti za dukani.

Fundi akautoa uzi mdomoni ili afikiri vizuri. "Ni kweli," akasema. "Ila walau dukani huwa anaingia."

Mkurugenzi akamwambia fundi ashone nguo za watu na aache kushona maneno. Akaichukua suruali yake na pindo lake moja, akaivaa hivyo hivyo, akaenda kulitumikia taifa.

Na siku hiyo utumishi ulikuwa mkubwa. Mbele ya kamera na maua ya plastiki, Mkurugenzi alisimama akasoma tangazo: Idara ya Usalama wa Anga, Utendaji wa Marubani na Ulinzi wa Siri za Kompyuta inayo furaha kuutaarifu umma kwamba, kuanzia leo, hofu imepigwa marufuku katika anga lote, la chini na la juu.

"Hofu ya rubani ni hatari kuliko radi," alisoma, "kwa maana radi huonekana."

Watu wakapiga makofi. Hata yeye alilipenda neno hilo. Alilitunga ndani ya basi, kiti cha nyuma, akirudi kwenye kongamano la usalama wa ndege. Utaratibu wake wa makongamano ulikuwa mmoja. Hutangulia kwa basi siku moja kabla, hupangusa vumbi mlangoni mwa hoteli, na akiulizwa habari za safari hujibu kwamba hewa ilikuwa tulivu. Kwa miaka yote aliyozisimamia ndege, alizisimamia kwa mbali, kama mtu anayemchunga ng'ombe wa jirani.

Chombo cha kuipiga marufuku hofu kiliitwa Bangili ya Utulivu. Ni mkanda mweusi wa mkononi, unaopima mapigo ya moyo na jasho la kiganja, na kunasa kila anachosema aliyeuvaa. Kazi ya kuulinda ilikuwa ya Mtaalamu wa Siri, bwana mwenye simu mbili, zote amezizima kwa kuwaogopa wadukuzi, na ambaye hufunika mikono kwa leso akiandika kwenye kompyuta, hata kama anaagiza chai.

"Jina la rubani linaondolewa," alieleza Mtaalamu. "Sauti yake inageuzwa kuwa ya bata, na sauti za watu wa pembeni zinafutwa. Kisha vyote vinafungiwa, na hakuna cha kuvifungua isipokuwa kidole gumba cha Mheshimiwa Mkurugenzi. Mimi mwenyewe siwezi. Hata mke wangu hawezi."

"Mkeo anaingiaje hapo?" aliuliza mwandishi mmoja.

"Ndiyo nasema, haingii."

Mkurugenzi akaongeza kanuni aliyoitunga mwenyewe, ambayo ilikuwa imekwisha kuchorwa kwa rangi nyekundu juu ya ukuta wa chumba cha mikutano: HUKUMU KWANZA, JINA BAADAYE. Maana yake, kamati itamhukumu rubani mwenye hofu kabla ya kumjua, pasiwepo mtoto wa shangazi wala shemeji wa mtu.

Kisha wapiga picha wakataka aivae bangili ndani ya ndege. Hilo halikuwamo katika ratiba. Mkurugenzi alitazama ngazi ya ndege kama mtu anavyomtazama mkwe aliyekuja bila taarifa, lakini kamera zilikuwa nyingi, akapanda.

Katika chumba cha rubani alimkuta rubani wa ndege hiyo, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Mawingu, hata mama mkwe wake. Alikuwa rubani mzuri mwenye kasoro moja, nayo ni kusema. Mwezi uliopita alisimama mkutanoni akasema kwamba taa ya mwisho wa njia ya kurukia imekufa, na kwamba bangili haimuliki. Kamati iliandika kuwa ana dalili za kukosa utulivu.

Picha zikapigwa, wapiga picha wakashuka. Mkurugenzi akavuta bangili aitoe, ikakataa.

"Haitoki mpaka imalize kupima, mheshimiwa!" Mtaalamu alimpigia kelele kutoka chini. "Ni kwa usalama wako!" Na ili kipimo kiwe sahihi, akaamuru mlango ufungwe.

Yaliyotokea humo yalijulikana kwa watu wawili na kwa Mola. Mkurugenzi alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Binti," alisema, "haya ya humu ndani..."

"Yapi, mzee?"

"Hayo hayo."

"Sitasema," akajibu Mama Mawingu, akarudi kwenye kazi yake.

Marubani wote wakapimwa. Kamati ikaketi. Chumba cha mikutano kilikuwa na milango miwili. Wa kulia ulielekea maegesho ya magari, na wa kushoto ulielekea zilipo ndege. Huo wa kushoto Mkurugenzi aliufunga kwa kidole chake tangu alipopewa cheo, kwa sababu za kiusalama, na hajaufungua tena.

Mtaalamu akafunua leso, akawaonyesha wajumbe ukutani vipimo vya ndege ya Mama Mawingu, jina la aliyevaa likiwa bado limefungiwa. Mstari wa mapigo ya moyo ulipanda kama mbuzi aliyeona chui, ukagoma kushuka.

"Huyu si rubani, ni janga," alisema Mkurugenzi. Siku hiyo alikuwa na ari. Alisimama, suruali yake ya pindo moja ikiburuzika, maana kwa fundi hakurudi tena, akaitamka hukumu kwa kinywa chake. Mhusika hatarusha ndege, hatasimamia wanaorusha, wala hatakanyaga chumba cha rubani maisha yake yote. Haina rufaa, haiahirishwi. Wajumbe wakanyoosha mikono. Katibu, mama mtu mzima aliyezijua kanuni kama anavyowajua watoto wake, akaigonga muhuri.

Mama Mawingu akaitwa ndani. Aliingia na sare, kofia kwapani. Alikuwa na ndege ya mchana. Aliona nyuso za wajumbe, akajua leseni yake imekwisha kutiwa chumvi, bado kuliwa tu. Leseni hiyo ndiyo iliyoinjika chungu nyumbani kwake.

"Tusikilize sauti, tujiridhishe," alisema Katibu.

Mtaalamu akabonyeza. Bata akalia chumba kizima:

"Inatikisika! Tumeshaondoka?"

Wajumbe wakacheka hadi viti vikalia. "Rubani gani anauliza kama ndege imeondoka!" alisema mmoja, akijifuta machozi. Mkurugenzi alicheka kuwapita wote. Hicho ndicho cheo.

"Usiniachie mkono, mwanangu," bata akaendelea. "Mola wangu, kama ni leo, basi ni leo. Ila funguo za kabati zimo ndani ya kiatu cha kushoto, mama watoto asije akavunja kabati la watu."

Mkurugenzi peke yake akaacha kucheka.

"Na yule fundi," akalia bata, "aliniuliza neno la haki nikamjibu kwa jeuri. Nisamehe. Walau dukani huwa anaingia. Nisamehe!"

"Fundi gani tena huyo?" wakaulizana wajumbe.

"Huenda ni fundi wa ndege," alisema Mtaalamu. "Suala la kiufundi. Tutaunda jopo."

Katibu akasogeza mbele kile kioo kidogo cha kubandikia kidole. "Mheshimiwa, hukumu imepita. Sasa jina. Kidole."

Mkurugenzi akakitazama kidole gumba chake. Kilikuwa kizima, kinene, cha kiofisi. "Kinauma," alisema.

"Pole. Kiweke hivyo hivyo."

"Napendekeza tuunde kamati ndogo ya kutathmini athari za kufungua..."

Katibu akaelekeza kalamu kwenye maandishi mekundu ukutani. "Haiahirishwi, mheshimiwa. Umetufundisha mwenyewe, na tumekuelewa."

"Lakini kidole kikikosekana," alisema Mtaalamu, aliyependa kuokoa mambo, "ipo kanuni ya dhana. Mwenye ndege ndiye mwenye hofu."

Macho yote yakahamia kwa Mama Mawingu.

"Sauti hii unaitambua?" Katibu alimuuliza.

"Naitambua."

"Ni yako?"

"Si yangu."

"Ya nani, mwanangu? Sema, usijiponze."

Mama Mawingu aliinamisha macho, yakaangukia pindo la suruali ya Mkurugenzi lililoachia nyuzi sakafuni. "Kuna mtu nilimwahidi sitasema," akajibu. "Nikizoea kuvunja ahadi huku chini, kule juu nani ataniamini?"

"Basi leseni iweke mezani."

Akaiweka, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza, kama mtu anayemlaza mtoto.

Nafsi ya Mkurugenzi ikamnong'oneza: nyamaza tu, bwana. Si kunyamaza ndiko kulikokupandisha cheo? Nafsi nyingine, ile inayoamka mtu akiswali au akisali, ikaongeza: na cheo ndicho kitu pekee ulichowahi kupanda. Alijiona jinsi alivyo. Mtu mzima, mwenye gari na dereva, amejificha nyuma ya mwanamke aliyemshika mkono ndege ikipakiwa mizigo. Maana hakikuwa kingine kilichoitikisa siku ile. Ilikuwa mizigo.

Akasimama. Akakibandika kidole.

Mashine ikalia kwa furaha. Ukutani ikatokea picha yake mwenyewe, amevaa bangili, amekenua meno kwa ajili ya kamera, na chini yake maandishi: MHUSIKA NI MKURUGENZI.

Wa kwanza kusema alikuwa Mtaalamu wa Siri.

"Ningependa ieleweke," alisema, "kwamba mfumo umefanya kazi vizuri sana."

Wajumbe wakaupigia makofi mfumo.

Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hukumu ilikwisha kupita, mheshimiwa," alisema kwa upole, kisha akajisahihisha kama kanuni zinavyotaka. "Samahani. Ndugu."

"Na ninyi wengine?" aliuliza Mama Mawingu akiichukua leseni yake. "Bangili mnavaa lini?"

Hapo wajumbe wakakumbuka majukumu yao. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine alikuwa na presha, na Mtaalamu akawasha simu zake zote mbili ili apate wa kumpigia. Kabla hawajatawanyika wakapitisha kwa kauli moja kwamba hofu ya mjumbe wa kamati si hofu, ni tahadhari. Hilo Katibu alikataa kuligonga muhuri. Akaufungia muhuri wake kwenye mkoba, na mkoba akaukalia.

Mama Mawingu alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Akamgeukia aliyekuwa Mkurugenzi.

"Mzee, mchana narusha. Hukumu imekukataza kuzisimamia ndege. Kuzipanda kama abiria haikukukataza."

"Itatikisika?" aliuliza kwa sauti ndogo, na mara hii si ya bata.

"Itatikisika. Hata mimi naogopa, kila siku ya Mungu. Unadhani kwa nini naikagua mara mbili?"

Mzee akayatazama maandishi yake mekundu ukutani. Akacheka, cheko dogo la mtu aliyekutana na jamaa yake mjinga. Akainama akakunja lile pindo la suruali kwa mkono, mara moja, mara ya pili, lisije likamwangusha ngazini. Akaupita mlango wa kulia, wa magari, akaenda wa kushoto, akabandika kidole gumba. Mfumo ulikuwa bado haujapata taarifa ya hukumu. Mlango ukafunguka, joto na mngurumo wa injini vikaingia chumbani, naye akatoka.