Uzi Niliobadilisha kwa Ngurumo

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mwalimu wa Kiingereza kapitisha kopo la maziwa lenye vikaratasi. Kila mmoja achote neno moja la kila siku, na Ijumaa asimame mbele ya darasa aeleze maana yake halisi na zile za kitamathali. Mshindi atapewa ufunguo wa maktaba likizo nzima. Ufunguo! Mle ndani kuna kamusi isiyoazimwa, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Sijawahi kuisoma zaidi ya dakika kumi bila kengele kulia.

Nikachota. «Thread». Uzi.

Mama yangu ni mshonaji. Kwetu nyuzi ziko sakafuni, kitandani, mpaka kwenye uji. Kila asubuhi nafika shule na vipande mgongoni, na jirani yangu wa dawati huvihesabu kwa sauti. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye kachota «thunder». Ngurumo! Wengine wamezaliwa na bahati zao.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umefaulu. Nimemtahadharisha Redio kwamba neno lake linaanza na ile sauti ya kutoa ulimi nje. (Langu pia. Hakugundua.) Akasema tubadilishane, ila nimfanyie hesabu wiki nzima. Nimekubali kabla hajamaliza.

Hofu moja tu: sauti yangu. Mwalimu husema nikijibu swali ni kama mbu anaomba ruhusa. Dawa nimepata. Sinia la bati la mama. Nikilipiga, hakuna atakayehitaji kunisikia.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi nyumbani, nimemkuta Redio. Kwetu! Kakaa kwenye kigoda changu kando ya cherehani, daftari magotini. Kumbe alimwamkia mama, akamweleza kuwa kapewa neno na hajui pa kuanzia, na nani anaujua uzi kuliko yeye.

Nikajifanya natafuta viatu nyuma ya pazia.

Mama alimwonyesha uzi wa juu na uzi wa chini unaotoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo chini ya sindano. Akasema mmoja peke yake haushiki kitu. Lazima ukutane na mwenzake ndani ya kitambaa. Redio akasoma daftarini kuwa Waingereza hutumia neno hilohilo kwa ile njia inayozunguka skurubu. Mama akafungua skurubu ya cherehani, akaiweka kiganjani, akaigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha. Akasema miaka kumi na tisa anaifunga na kuifungua, hajawahi kuona kuwa pale pamezungushwa uzi. Redio akainama kuitazama. Nami nyuma ya pazia nikachungulia. Uzi wa chuma!

Kisha gunia la unga, ambalo mdomo wake hushonwa kwa uzi mmoja. Mama akavuta ncha moja, ikajifunga fundo. Akavuta ya upande wa pili: krrrr, mdomo wote ukafunguka. Redio akauliza kama ndiyo sababu Waingereza husema mtu kapoteza uzi akisahau alikuwa anasimulia nini. Mama akacheka, akasema yeye Waingereza hawajui, ila ana wateja wanaoanza habari kwa ncha isiyo yenyewe, na suruali huisha kushonwa kabla hawajafika kwenye jambo lililowaleta.

Nimeishi na magunia hayo maisha yangu yote. Nilikuwa nafungua kwa kisu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaribu kulirudisha neno. Nimeahidi hesabu za muhula mzima. Redio kakataa kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Kasema mama kashampa gunia la kuja nalo.

Nimeisoma kamusi dakika tisa. Ngurumo ina makofi ya kishindo, ina hasira, ina kumwibia mtu ngurumo, yaani kumpora sifa zake. Nilikodolea macho hiyo ya mwisho mpaka kengele ikalia.

Ijumaa, 7 Juni

Nilisimama. Nikapiga sinia. Darasa la jirani likadhani ni hatari, likakimbilia uwanjani kwa mstari. Mkuu wa shule akaja na filimbi mdomoni. Aliponikuta nilikuwa nimejificha chini ya dawati, nikieleza maana ya pili.

Halafu Redio na gunia. Akavuta huku, fundo. Akavuta kule, krrrr. Darasa zima likainuka vitini kuona. Mwalimu akashuka jukwaani, akaomba ajaribu mwenyewe, kama mtoto. Ufunguo ukaenda kwa Redio. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Sikuweza kujizuia; lilikuwa jambo kubwa.

Jioni mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

«Mbona wewe hukuniuliza?»

Nikamwambia neno halikuwa langu.

«Jumatatu lilikuwa lako, mwanangu.»

Uzi ukapita tunduni mara moja, bila yeye kuangalia. Nilimwambia kuwa alivyoutia ni ajabu. Ila nilisema kwa sauti yangu ileile ya mbu, na cherehani ilikuwa imeshaanza kwenda.

Jumatatu, 10 Juni

Duru ya pili! Mshindi atakaa na ile kamusi nyumbani mwezi mzima. Mwezi!

Nimefikiri sana mwisho wa wiki na kosa langu nimeliona. Ngurumo ilikuwa neno dogo mno.

Leo nimechota «ladder». Ngazi, jamani! Baba mdogo anapaka rangi majumba. Ngazi zake tatu zimeegemea ukuta wetu, tunazianikia soksi. Redio kachota «sky». Mbingu nzima! Tumebadilishana kabla Mwalimu hajaweka kopo mezani. Akaniuliza baba mdogo anapatikana saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja, lakini awahi, maana akishaoga huwa hataki maswali.

Nikampa na namba yake ya simu.